Lori la Tatu la Mjomba

Mjomba wangu alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika katika kijiji kimoja cha Tandahimba, na kwa misimu mingi kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba korosho zilizokusanywa vituoni zinapakiwa na kuteremshwa Mtwara mjini kabla mvua hazijaharibu barabara. Hakuwahi kuiita kazi hiyo hesabu. Aliiita kupakia. Lakini alikuwa na kanuni yake, na kila aliyesimama karibu na mizani aliisikia mara kadhaa kwa siku: "Mkubwa apande kwanza." Kila kituo kilikuwa na mzigo wake na hati yake, na hati moja haikuruhusiwa kugawanywa kwenye malori mawili, kwa sababu upungufu ukitokea njiani isingejulikana ni dereva gani aulizwe. Mjomba aliipanga mizigo kuanzia mzito hadi mwepesi, kisha akaichukua mmoja mmoja na kuupandisha kwenye lori la kwanza ambalo bado lilikuwa na nafasi ya kuutosha. Kama hakuna lililoutosha, aliita lori jingine.

Kanuni hiyo ilimfaa sana. Chukua siku ambayo mizigo inafika kwa utaratibu huu: tani 3, tani 4, tani 3, tani 6, tani 7, tani 7, na kila lori linabeba tani 10. Anayepakia kwa kufuata zamu ya kufika atalijaza lori la kwanza kwa 3, 4 na 3, kisha atajikuta 6 inakaa peke yake, 7 peke yake na 7 nyingine peke yake, jumla malori 4. Anayepandisha wakubwa kwanza ataweka 7 na 3, 7 na 3, 6 na 4, na malori 3 yataondoka yamejaa hadi juu. Katika miaka ambayo kukodi lori moja kulimaliza faida ya kituo kizima, tofauti hiyo haikuwa ndogo.

Nilikuwa darasa la sita, likizo ya Desemba, siku kanuni ilipomgeuka. Mizigo ilikuwa sita: miwili ya tani 4 na minne ya tani 3. Mjomba alipandisha 4 na 4, lori likawa na tani 8, na nafasi ya tani 2 iliyobaki haikumtosha yeyote. Lori la pili likabeba 3, 3 na 3. Ikabaki 3 moja, ikaitiwa lori la tatu, na lori hilo likaondoka kijijini na magunia yamekusanyika katikati ya bodi kama watu wanaoogopa mvua, turubai likiwa kubwa kuliko mzigo. Siku mbili baadaye magari yaliporudi, utingo mmoja, kijana ambaye nadhani hakumaliza shule ya msingi, alimwambia mjomba bila nia mbaya: "Mzee, mbona nne na tatu na tatu ni kumi?" Mjomba hakumjibu. Malori mawili yangetosha, kila moja likiwa na 4, 3 na 3. Kamati ya chama ilikaa na kuamua kwamba gharama ya lori la tatu itakatwa kwenye posho ya karani, na ikakatwa.

Niliikuta kanuni ya mjomba tena miaka mingi baadaye, katika maktaba ya chuo Dar es Salaam, nikiwa mwaka wa pili. Ilikuwa kwenye kitabu cha algoriti, imeandikwa kwa herufi za Kigiriki na alama za jumla, na mahali pa malori palikuwa na visanduku, lakini hapakuwa na shaka kwamba ni ile ile. Neno algoriti lenyewe limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, na maana yake si kubwa kama linavyosikika: ni utaratibu wa hatua zinazoeleweka, usiomwachia mtendaji nafasi ya kubahatisha, na unaofika mwisho. Mapishi ya pilau yanakaribia kuwa algoriti, isipokuwa pale mpishi anaposema "chumvi kiasi." Kanuni ya mjomba ilikuwa algoriti kamili. Angeweza kumwachia mtu mwingine yeyote, akaenda zake msikitini, na akirudi akute malori yamepakiwa vilevile ambavyo angeyapakia mwenyewe.

Kilichonikalisha kitako maktabani hakikuwa kuikuta kanuni bali kukuta kipimo cha ubaya wake. Mwaka 1973 David Johnson, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT, Marekani, alithibitisha kwamba anayepandisha wakubwa kwanza hawezi kamwe kutumia malori yanayozidi kumi na moja ya tisa (11/9) ya idadi iliyo bora kabisa, ukiongeza nyongeza ndogo isiyobadilika. Nyongeza hiyo kwake ilikuwa malori 4. Wengine waliendelea kuipunguza, hadi mwaka 2007, miaka 34 baada ya Johnson, György Dósa wa Hungaria alipoonyesha kwamba nyongeza ya kweli ni sita ya tisa (6/9) ya lori moja, na kwamba haiwezi kushuka zaidi ya hapo. Kwa maneno ya kupakia: kama malori 90 yangetosha, kanuni ya mjomba haitaita zaidi ya 110, hata adui yako akikaa usiku kucha akibuni mizigo ya kukukomoa. Anayepakia kwa zamu ya kufika tu anaweza kufikishwa hadi 153. Na kama malori 2 yangetosha, hesabu ya Dósa inatoa tatu na kidogo, na kwa kuwa hakuna lori la kidogo, jibu ni 3. Mjomba alikuwa amefika ukingoni hasa mwa ubaya ambao kanuni yake inaweza kufikia. Asingeweza kukosea zaidi ya vile alivyokosea.

Watu wakiniuliza profesa wa algoriti anafanya nini, na hapa Mtwara huniuliza sana kwa sababu wengi wanadhani ninatengeneza simu, hujibu kwamba ninapima ubaya. Mtu anakuja na njia ya kufanya jambo, njia ya haraka, njia inayofaa siku nyingi, na mimi kazi yangu ni kuuliza: siku itakapokataa, itakataa kwa kiasi gani? Jibu la "haijawahi kukataa" halinisaidii. Kanuni ya mjomba ilikuwa haijawahi kukataa hadi siku ile. Ninachotafuta ni uthibitisho, yaani maelezo ambayo hata asiyenipenda akiyasoma mstari kwa mstari hatapata pa kuponyokea, kwamba ubaya unaishia hapa na hauwezi kuvuka. Na upande wa pili, natafuta mfano kinzani, mizigo michache iliyochaguliwa kwa hila inayofikisha kanuni kwenye ukingo huo. Vitu hivi viwili vikikutana, suala limefungwa. Visipokutana, kuna kazi, na kazi hiyo inaweza kuchukua miaka 34 kama tulivyoona.

Mimi mwenyewe nimewahi kudhani vimekutana kumbe bado. Niliandika makala kuhusu aina ya upakiaji ambapo baadhi ya mizigo haikubali kukaa pamoja, kama korosho ghafi na madumu ya mafuta ya taa, nikathibitisha kiwango nilichokuwa nakisaka kwa miaka mitatu, nikaituma kwenye jarida. Baada ya miezi mitano mhakiki, ambaye jina lake sitalijua kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyo, aliandika ukurasa mmoja tu. Alisema kwamba hoja saidizi ya nne si ya kweli, na akaambatanisha mizigo saba. Nilichukua karatasi, nikaipakia mizigo yake saba kwa mkono, na mzigo wa sita ulipopanda nikaona mwenyewe. Nilikuwa nimeandika "ni dhahiri kwamba" mahali ambapo hapakuwa na udhahiri wowote, ila uchovu. Kurekebisha kulinichukua miezi 14, na kiwango kilichotoka mwishoni kilikuwa kibaya kidogo kuliko kile nilichojisifia kwenye semina. Tangu hapo nikiona maneno "ni dhahiri" kwenye kazi ya mwanafunzi huyazungushia kalamu nyekundu bila hata kusoma kinachofuata, jambo ambalo wanafunzi huliona ni uonevu.

Nimefundisha Dar es Salaam kwa miaka 19, na sasa ninafundisha katika chuo kimoja hapa Mtwara. Somo langu halihitaji kompyuta kwa wiki sita za mwanzo. Wanafunzi hulalamika, kwa sababu wamekuja kusoma sayansi ya kompyuta na wanamkuta mzee mwenye chaki, lakini nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba umeme ukikatika mimi ninaendelea. Ya pili ni kwamba kompyuta inampa mwanafunzi jibu kabla hajawa na swali, na akishaona jibu limetoka huamini kwamba kazi imekwisha. Siku hizi programu nzima unaipata kwa kuomba tu, imeandikwa vizuri, na mara nyingi inafanya kazi. Sina ugomvi na hilo. Ila nikimwuliza aliyeileta, "Utajuaje kwamba itafika mwisho na kusimama? Utajuaje kwamba haitakosea mzigo ukiwa mmoja tu, au usipokuwepo kabisa?" ndipo unapogundua kwamba ameleta kitu asichokijua, kama mtu aliyebebeshwa barua iliyofungwa.

Hata walio juu kabisa huangukia hapo. Kuna algoriti moja maarufu ya kutafuta jina kwenye orodha iliyopangwa: unafungua katikati, unaangalia kama unalolitafuta liko kabla au baada, unatupa nusu isiyohusika, unarudia. Anayetafuta ukurasa katika kamusi hufanya karibu vivyo hivyo. Kwa orodha ya majina milioni moja, hatua 20 zinatosha. Joshua Bloch amesimulia jinsi Jon Bentley alivyowataka wanafunzi wapya wa uzamivu wa chuo cha Carnegie Mellon, Marekani, yeye akiwemo, waiandike algoriti hiyo, kisha akaichambua kazi ya mmoja wao mbele ya darasa. Ilikuwa na kosa, na za wengi wao vilevile. Bloch alijifunza, akawa mtaalamu, na baadaye akaiandika yeye mwenyewe katika maktaba, yaani mkusanyo wa programu zilizo tayari, ya lugha ya kompyuta ya Java inayotumiwa na dunia nzima. Mwaka 2006 alitangaza kwamba aliyoiandika ilikuwa na kosa, na kwamba kosa hilo lilikaa humo kwa takriban miaka tisa. Ili kupata katikati, programu ilijumlisha namba ya mwanzo na ya mwisho kisha ikagawanya kwa mbili, na orodha ikiwa kubwa mno jumla hiyo inapita 2,147,483,647, ambayo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayokaa katika nafasi iliyotengwa, na ikipita hapo inageuka kuwa hasi. Uthibitisho wa karatasini ulikuwa sahihi kwa namba za hisabati, ambazo hazina mwisho. Namba za mashine zina mwisho, na hapo ndipo palipovuja.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi. Kwa mujibu wa taratibu za vyuo vyetu ninatakiwa kufundisha kwa Kiingereza, na ubaoni ninaandika kwa Kiingereza. Lakini nimekuwa na desturi kwamba kabla sijakubali kuwa mwanafunzi ameelewa uthibitisho, anisimulie kwa Kiswahili, bila kuangalia daftari. Kwa Kiingereza wengi wanaweza kukariri sentensi za kitabu zikatoka zimenyooka, na mimi nikadanganyika. Kwa Kiswahili hakuna kitabu cha kukariri, kwa hiyo hulazimika kufikiri. Na hapo ndipo maneno mazuri huzaliwa. Kuna aina ya algoriti zinazochukua kilicho kizuri machoni sasa hivi bila kujali kesho; darasa langu linaziita algoriti za mlafi, na mlafi ni mlafi, unamwona anavyopakua nyama yote ya juu kabla hajajua sufuria ina kina gani. Kanuni ya mjomba ni ya mlafi, ingawa siku nilipomwambia hivyo hakufurahi.

Sasa nirudi kwenye lori la tatu, kwa sababu ndilo linalonipa mhadhara mmoja ambao huwa nausubiri mwaka mzima. Wanafunzi wakishaiona mizigo ile sita ikiishinda kanuni, huuliza swali la haki: kwa nini tusitafute kanuni nyingine ya haraka isiyokosea? Hapo huwaambia kwamba pengine haipo. Mwaka 1971 Stephen Cook, na mwaka uliofuata Richard Karp aliyeorodhesha matatizo 21, walionyesha kwamba kuna kundi la maswali yanayofungamana kiasi kwamba ukipata njia ya haraka ya kujibu moja tu, umeyajibu yote. Leonid Levin, katika Umoja wa Kisovieti, alifikia jambo hilo hilo kwa njia yake. Mojawapo katika orodha ya Karp ni hili: umepewa mizigo, je, inagawanyika katika mafungu mawili yenye uzito sawa sawa? Ukitazama vizuri, hilo ndilo swali la mjomba siku ile, tani 20 kwa malori mawili ya tani 10. Sasa tuseme mtu anadai ana kanuni ya haraka ambayo daima hutumia malori pungufu ya mara moja na nusu ya idadi bora. Pale ambapo 2 yanatosha, kanuni yake haiwezi kuita 3, kwa kuwa 3 ni mara moja na nusu kamili. Basi inalazimika kuita 2. Maana yake kanuni yake inajibu swali la Karp, na kwa kulijibu hilo inayajibu yote, na mwenye nayo anaweza kwenda kudai dola milioni moja ambazo taasisi ya hisabati ya Clay iliziweka mwaka 2000 kwa atakayelifumbua fumbo hili kwa upande wowote, kwamba njia ya haraka ipo au haipo. Hadi leo hakuna aliyezichukua.

Jambo ambalo hunifurahisha hapa, na sijui kama wanafunzi hulionja kama ninavyolionja, ni kwamba ugumu umejificha kwenye udogo. Kwa malori mengi hali si mbaya: tangu mwaka 1982, kwa kazi ya Karmarkar na Karp, zipo njia ambazo ziada yake juu ya idadi bora ni ndogo sana ukiilinganisha na msafara wenyewe. Mkoa mzima ukipakia pamoja unaweza kukaribia ukamilifu. Ni kijiji chenye malori mawili kinachobaki na lori la tatu.

Mwaka jana nilipofika mwisho wa mhadhara huo, nikiwa nimeandika ubaoni kwamba mizigo 60 inagawanyika mafungu mawili kwa namna 576,460,752,303,423,488, na kwamba kompyuta inayojaribu namna milioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 18,000, binti mmoja wa nyuma, ambaye kwa wiki saba sikuwahi kusikia sauti yake, alinyoosha mkono akasema: "Samahani Profesa, lakini uzito si kilo tu?" Nikamwuliza ana maana gani. Akaja mbele, akachora visanduku kumi na kimoja kwa safu, akaviandika 0 hadi 10. "Hizi ni tani ambazo lori linaweza kufikia," akasema. Akaweka tiki kwenye 0, kwa kuwa lori tupu linawezekana daima. Akachukua mzigo wa 4: penye tiki, ruka nne mbele, weka tiki. Sasa 0 na 4 zina tiki. Mzigo wa pili wa 4: 0, 4, 8. Mzigo wa 3: 0, 3, 4, 7, 8. Mzigo wa pili wa 3: kutoka 7 unaruka hadi 10. Akaweka tiki kwenye 10 na kugeuka. Lori limejaa kwa mizigo minne tu kuangaliwa, na yenye kulijaza ni 4, 3 na 3.

Darasa lilipiga makofi, na lilikuwa na haki. Kwa mizigo 60 ya kilo kamili na lori la kilo 10,000, unahitaji visanduku 10,001 na kuvipitia mara 60, yaani hatua 600,060, kazi ambayo simu ya mkononi inaimaliza kabla hujaiweka mezani. Richard Bellman aliipa njia ya namna hii jina na nguvu katika miaka ya 1950, lakini binti yule hakuwa amemsoma Bellman. Ratiba ilikuwa inamfikia wiki mbili baadaye. Ilinibidi nitengue nusu ya niliyoyasema na kueleza upya kwamba ugumu wa swali la Karp unaonekana pale namba zinapokuwa ndefu, kwa sababu kila tarakimu unayoiongeza kwenye uzito huvizidisha visanduku mara kumi. Malori nayo yakiongezeka, visanduku hukua kwa namna nyingine: kwa malori matatu safu moja haitoshi, unahitaji jedwali lenye visanduku zaidi ya milioni 100, na kwa malori manne zaidi ya trilioni moja. Huko ndiko kilo haziokoi mtu. Ningepaswa kuyasema hayo tangu mwanzo.

Niliwapa zoezi: andikeni programu ya visanduku vya mwenzenu. Zilirudi kazi 41, na 26 zilikuwa na kosa lile lile. Walianza kuweka tiki kutoka kushoto. Ukianzia kushoto na mzigo wa 5, unatoka 0 unaweka tiki kwenye 5. Kisha unaendelea kulia, unaikuta 5 ina tiki, unaruka tano, unaweka tiki kwenye 10. Programu inatangaza lori limejaa ilhali kuna mzigo mmoja tu wa tani 5, ambao umepanda mara mbili. Anayeanzia kulia hapati tatizo hilo, kwa sababu anapofika kwenye 10 na kutazama nyuma kwenye 5, tiki ya 5 bado haijawekwa na mzigo huu. Ni mabadiliko ya mstari mmoja wa programu. Nilitumia kipindi kizima kwa mstari huo mmoja, na sijutii.

Mwezi Julai nilipanda Tandahimba kumwona mjomba. Ana miaka themanini na kitu, macho yamepungua lakini hesabu iko palepale. Tulikaa barazani, shangazi akatuletea ming'oko, na baada ya "shikamoo mjomba" na "marahaba mjomba, za huko pwani?" na habari za watoto wote mmoja mmoja, nikamweleza kuhusu Johnson na Dósa, kwamba alipokosea alikosea hadi ukomo wa kanuni na si hatua moja zaidi, na kwamba hakuna mtu duniani mwenye kanuni ya haraka inayoahidi kulikwepa lori lile daima. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo posho yangu walinionea?"

Nikamwambia hapana, kwa mizigo sita angeweza kujaribu namna zote na akaiona. Akatikisa kichwa kukubali. Nadhani alikuwa amelijibu swali hilo mwenyewe zamani. Kisha akataka kuona hivyo visanduku. Nikamchorea kumi na kimoja kwenye daftari, 0 kushoto, 10 kulia, nikamweleza kanuni ya tiki lakini sikumwambia aanzie upande gani, kwa kuwa nilitaka kuona. Mjomba alijifunza kuandika chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla hajaingia shule ya serikali. Alishika kalamu, akaisogeza hadi ukingo wa kulia wa karatasi, kwenye 10, akatazama visanduku vinne nyuma, akaona hakuna tiki, akasogea kwenye 9, kisha 8, akija kushoto taratibu, mzigo baada ya mzigo, bila kumpandisha yeyote mara mbili. Alipofika mzigo wa nne akarudi kulia, akaweka tiki kwenye 10, akakaa kimya muda kidogo, kisha akauliza yule utingo siku hizi yuko wapi.